Kavunjika: plasta, chuma, au kwa fundi wa kuunga? Tuviweke pamoja kabla hujaamua

Huku kwetu mtu akivunjika kauli tatu zinatoka hapo hapo, kabla hata hajanyanyuliwa. Mmoja atasema apelekwe spitali akafungwe plasta, mwengine atasema spitali watampasua wamtie machuma bora aende kwa fundi wa kuunga anaemjua yeye, na wa tatu yuko kwenye simu anauliza boti ya Dar inaondoka saa ngapi. Wote wanampenda yule mgonjwa, hakuna anaemtakia baya, lakini wakati wao wanavutana mguu unazidi kuvimba, na uvimbe ukishakuwa mkubwa hata huyo daktari kazi yake inakuwa ngumu.

Naandika kwa aliekwama hapo. Mimi sio daktari, ni mtu nilieuguza watu wa mifupa nyumbani, wazee na watoto, Pemba na Unguja, na nimekaa sana kwenye mabenchi ya kusubiri picha nikisikiliza madaktari na mafundi wakieleza. Ninachokiamini ni kwamba swali la "spitali au kwa fundi" tunaliuliza mapema mno. Kwanza tujue ni mfupa gani, umevunjika vipi, na ni wa nani. Kijana aliedondoka kwenye mpira akavunjika mkono na bibi alieteleza chooni akavunjika nyonga wana shida mbili tafauti kabisa, ila sisi tunawapa ushauri ule ule mmoja kwa sababu jirani yetu fulani alipona hivyo.

Yale ambayo hayana kuchagua

Naanza na haya maana ulinganisho wote unaokuja hauwahusu watu hawa.

Kama mfupa umechomoza nje, au pana jeraha lolote juu ya pale palipovunjika hata likiwa dogo, basi ni spitali sasa hivi. Uchafu umeshaingia kwenye mfupa, na kinachotakiwa ni dawa ya kuua vijidudu mapema, sindano ya pepopunda na kuoshwa vizuri kwenye chumba cha operesheni. Usitie dawa ya unga, usitie majani, usitie kahawa. Funika kwa kitambaa safi, basi.

Kama vidole vya mguu au mkono uliovunjika vimekuwa baridi, vyeupe au vya buluu, au vinakufa ganzi, damu haipiti. Nyama ikikosa damu kwa masaa kama sita hivi inaanza kufa na hairudi. Hapa kusubiri asubuhi ifike ni hatari kweli.

Kama ni paja la mtu mzima. Watu hawalijui hili: fupa la paja likivunjika mtu anaweza kumwaga lita moja ya damu au zaidi ndani ya paja lenyewe bila ya kuona tone nje, na mtu mzima ana damu kama lita tano tu. Ndo maana unamuona anatoka jasho la baridi na anataka kulala. Mfungeni mguu kwa ubao au ufungeni pamoja na ule mguu wa pili ambao haujavunjika, umwahishe spitali ya karibu wamtie dripu kwanza, sio umpakie moja kwa moja kwenye safari ya baharini.

Na kama kaanguka kutoka juu. Msimu wa karafuu ukipamba moto Pemba, au mkwezi akiteleza mnazini, wengi wanafikia kwa miguu, na anaefikia kwa miguu anavunjika kisigino, halafu nguvu ile ile inapanda mpaka uti wa mgongo. Yeye atalalamika kisigino tu maana ndo kinachouma zaidi. Msimnyanyue mmoja kwapani mwengine miguuni kama tunavyozoea. Mtafute mlango au ubao mpana, mgeuzeni mwili mzima kwa pamoja, kichwa kikae sawa na mgongo, ndo mumbebe.

Waliobaki nje ya hayo manne, hapo sasa tunaweza kukaa tukazungumza.

Navipima kwa nini

Kuna mambo matano naangalia kwa kila njia: inafaa mvunjiko wa aina gani, inachukua muda gani, pesa na safari, hatari zake, na maisha ya nyumbani yatakuwaje mpaka mtu apone. Watu wengi wanaangalia la tatu tu, wengine la nne tu tena upande mmoja.

Na kabla ya yote lazima tukubaliane kitu. Plasta haiungi mfupa, chuma hakiungi mfupa, na fundi hata awe bingwa vipi haungi mfupa. Mwenyezi Mungu kauumba mfupa unajiunga wenyewe. Pale panapovunjika damu inaganda, kwenye wiki ya pili na ya tatu panaota gegedu laini, halafu kuanzia wiki ya sita mpaka ya kumi na mbili hivi gegedu lile linageuka mfupa mgumu, na baada ya hapo mwili unakaa miezi, hata miaka, unalisawazisha umbo. Ni kama zege, ukilitikisa kabla halijakamata linapasuka, ukilimwaga kwenye fremu iliyopinda litakamata likiwa limepinda vile vile. Njia zote tatu zinafanya kazi mbili tu, kuuweka mfupa sawa na kuushika utulie. Tafauti yao ni nani anauweka sawa vizuri zaidi na nani anaushika vizuri zaidi kwa mfupa ulionao wewe.

Inafaa mvunjiko gani

Plasta inafaa pale vipande vimekaa karibu karibu, au vimehama lakini daktari akivivuta vinarudi na vinakubali kukaa. Kifundo cha mkono, mifupa ya mkono kwa watoto, kifundo cha mguu kilichopata ufa tu, muundi uliovunjika bila ya kuhama sana. Watoto wadogo hata paja linaweza kutibiwa kwa kuvutwa mguu na kufungwa plasta bila ya kupasuliwa, maana mfupa wa mtoto unaunga haraka na unajinyoosha wenyewe kidogo kidogo akikua. Kasoro yake ni kwamba plasta imekaa juu ya ngozi na nyama, sio juu ya mfupa. Uvimbe ukishuka inalegea na vipande vinaweza kuteleza kimya kimya ndani. Kwa hivyo ukiambiwa rudi baada ya wiki moja tupige picha nyengine usione wanakusumbua, ile picha ya pili ndo inayookoa mkono usije ukaunga upande.

Chuma ni kwa ile mivunjiko ambayo haikai. Paja la mtu mzima, nyonga ya mzee, mvunjiko ulioingia ndani ya kiungo (goti, kifundo, kiwiko) ambapo hata hatua ndogo ya kupishana inakuja kuleta maumivu ya kudumu, mifupa yote miwili ya mkono kwa mtu mzima, na muundi uliosagika. Kuna sahani yenye skrubu inayobanwa juu ya mfupa, kuna nondo inayopita ndani ya uboho, kuna pini nyembamba za watoto zinazotolewa baada ya wiki tatu nne, na kuna vyuma vya nje kwa wenye jeraha. Niseme hapa, watu wanadhani nondo za ndani ni za matajiri wa kwenda India. Kuna nondo inaitwa SIGN, ya shirika la Marekani lililoanza 1999, imetengenezwa ipigwe hata kama chumba cha operesheni hakina mashine ya eksirei, na inatolewa kwa hospitali za nchi kama zetu. MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili, wamezitumia miaka mingi.

Fundi wa kuunga, tuseme haki yake. Kuna mivunjiko ambayo inahitaji kutulizwa tu na itapona. Mtulinga, huu mfupa wa juu ya kifua, mara nyingi hata spitali wanakupa kitambaa cha kuning'iniza mkono na panadoli. Mbavu moja iliyopata ufa. Kidole cha mguu. Ufa wa mkono ambao haujahama. Hapa fundi mwenye mkono mzuri anaefunga mabanzi yake ya mianzi bila ya kubana, na anaekuja nyumbani kila baada ya siku mbili kukuangalia, mgonjwa atapona na atamshukuru. Tatizo ni moja, yeye anapapasa na vidole, na kwa vidole huwezi kujua kama ni ufa, ni kuteguka, au kiungo kimevunjika ndani. Mimi nimewakuta mafundi wawili watatu wanaokwambia wenyewe nenda kapige picha kwanza uniletee, na hao ndo ninaowaheshimu zaidi.

Muda

Hapa tafauti ni ndogo kuliko watu wanavyofikiri, kwa sababu mfupa una saa yake. Mkono wa mtoto wiki tatu mpaka nne. Kifundo cha mkono cha mtu mzima wiki sita hivi. Muundi miezi mitatu minne, na paja hivyo hivyo au zaidi. Anaekwambia dawa yake inaunga paja kwa wiki mbili anakudanganya, awe nani.

Kinachobadilika ni muda wa kulala. Mwenye nondo pajani mara nyingi anasimama na magongo ndani ya siku chache, wakati aliyevutwa mguu kwa uzito atakuwa kitandani wiki sita mpaka kumi na mbili, na wa mabanzi nyumbani ni hivyo hivyo kama sio zaidi. Kwa mtu mwenye duka au anaelisha watu hiyo ni hesabu kubwa.

Pesa na safari

Matibabu bure Zanzibar yalitangazwa 1964 baada ya Mapinduzi na mpaka leo hospitali ya serikali ndo kimbilio la wengi, ila usiende ukidhani kila kitu kitakuwepo siku hiyo, uliza mapema plasta ipo, chuma kipo, na kama nyinyi ni wanachama wa Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ule ulioanzishwa kwa sheria ya 2023, uliza unalipia nini. Kuuliza sio aibu. Kwa aliegongwa na gari au bodaboda, mtu mmoja wa familia aende polisi akachukue PF3 wakati mgonjwa anaendelea kuhudumiwa, na mchukue namba ya gari na ya bima, maana kuna fidia watu wanaiacha ikapotea kwa kukosa karatasi moja.

Kwa plasta safari sio kubwa. Kwa Pemba kuna Abdulla Mzee pale Mkoani, ilojengwa upya kwa msaada wa China ikafunguliwa 2016, kuna Chake Chake na Wete, na kwa Unguja ukiacha Mnazi Mmoja kuna Lumumba na hospitali mpya za wilaya. Piga simu kwanza kuuliza mashine ya picha inafanya kazi na nani yupo zamu, utajiokolea kuzunguka na mtu analia kwenye kila shimo la barabara.

Chuma ndo kinabeba gharama kubwa, na sio ya chuma peke yake. Kuna damu (jamaa wajitayarishe kutoa), kuna wa kukaa nae, kuna chakula, kuna boti kama ni Dar, na kuna safari za kurudi kliniki ambazo watu wanazisahau kwenye hesabu. Mtu wa Micheweni, Pemba, akifanyiwa operesheni Unguja halafu akaambiwa arudi baada ya wiki mbili, ile nauli ya watu wawili kwenda na kurudi ndo inamfanya asirudi. Kwa hivyo kabla ya kuruhusiwa uliza, je nyuzi zinaweza kutolewa spitali ya karibu na kwetu? Picha inaweza kupigwa Chake? Mara nyingi inawezekana, ila hawatakwambia kama hujauliza.

Kwa fundi, kuna anaechukua sadaka tu na kuna anaetaka kuku, nguo na pesa kila wiki. Ukijumlisha mwisho si rahisi kama inavyosemwa. Lakini yuko kijijini, anakuja mpaka chumbani, unaweza kumlipa kidogo kidogo, na hakuna mtu wa kuacha kazi kukaa mjini. Hilo ni jambo zito na madaktari wakilidharau hawatawaelewa watu kwa nini wanakwenda huko. Kama utamchagua, angalau uliza kama kasajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala.

Hatari

Hatari kubwa ya plasta ni kubana. Mfupa ukivunjika leo uvimbe unaendelea kupanda siku mbili tatu, plasta haitanuki. Ikiwa maumivu yanazidi badala ya kupungua, ukimnyoosha kidole analia, vidole vimekufa ganzi au vimebadilika rangi, inua mkono au mguu juu na rudi spitali usiku huo huo ipasuliwe. Usikubali kuambiwa na mtu yeyote "vumilia, mfupa unaunga". Pili, piopi, yaani hii plasta ya kawaida, inakauka juu kwa dakika chache lakini ndani inataka siku mbili, ukiikanyagia kabla inavunjika. Tatu, masika. Plasta iliyorowa inakuwa uji, na ngozi chini yake inaoza. Na hii kuingiza kijiti au kalamu kujikuna, naomba muwakataze watoto, mchubuko mdogo ndani ya plasta unakuwa donda na hakuna anaeliona.

Hatari ya chuma ni vijidudu. Chuma kikishika uchafu ni kazi ndefu, dawa miezi, na wengine kinatolewa. Kuna hatari ya dawa ya ganzi inayotumika kwenye operesheni, hasa kwa wazee wenye presha na sukari, na kuna chuma kinachovunjika kwa mtu alieona haumwi akarudi kubeba magunia kabla mfupa haujashika. Na ule uvumi kwamba chuma lazima kitolewe sio kweli kwa kila mtu, wengi wanaishi nacho mpaka mwisho, kinatolewa kama kinasumbua au ni mtoto anaekua.

Halafu kuna hofu ya kukatwa. Hii nimeisikia nyumba nyingi, "ukimpeleka spitali watamkata mguu". Nataka niiseme taratibu kwa sababu watu waliumia kweli na hofu yao ina mahali ilipotoka. Mguu unaokatwa mara nyingi ni mguu uliochelewa. Umefungwa mabanzi ya kubana siku tatu nne, damu haikupita, vidole vimekuwa vyeusi, ndo unapelekwa spitali, na daktari anakuta nyama imeshakufa na sumu inapanda, hana la kufanya ila kukata ili aokoe roho. Kijijini wanachokiona ni mtu kaenda spitali na mguu karudi bila. Anaefuata akivunjika anafichwa ndani kabisa, na yeye anachelewa vile vile.

Kwa hivyo hatari ya fundi ya kwanza ni hiyo ya kubana, na kwa watoto wenye kiwiko ni kubwa zaidi, maana pale mbele ya kiwiko mshipa wa damu unapita karibu kabisa na mfupa. Ya pili ni kukanda. Kukanda kwa maji moto na mafuta kunafaa kwa misuli iliyochoka, lakini kiwiko kilichovunjika leo kikikandwa na kuvutwa vutwa, mfupa unaweza kuota ndani ya misuli na kiwiko kikagandama, mtoto asiweze kupeleka mkono mdomoni. Ya tatu ni mfupa kuunga vibaya, mguu mfupi au uliopinda, na kuunyoosha baadae ni operesheni kubwa kuliko ile iliyokimbiwa mwanzo.

Hatari hizi hazimo kwa kila fundi, kama ambavyo vijidudu havimo kwa kila operesheni. Ila mgonjwa wa spitali akipata tatizo kuna mtu analiona kwenye picha.

Maisha ya nyumbani

Hapa ndo naona watu hawajitayarishi kabisa, na ndo panapovunja familia.

Choo kwanza. Vyoo vyetu vingi ni vya kuchuchumaa, na mtu wa plasta ya mguu mrefu, wa nyonga au wa goti hawezi kuchuchumaa. Kata kiti cha plastiki tundu katikati kiwekwe juu ya shimo, na funga ubao au bomba la kushikia ukutani. Fanya hivyo kabla hajaruhusiwa, sio siku anarudi. Mwenye chuma nae anakihitaji kiti hicho, ila kwa wiki chache zaidi. Wa mabanzi na wa kuvutwa watahitaji chombo cha kitandani, na hapo lazima pawe na mtu wa kumgeuza kila masaa mawili asipate vidonda vya mgongoni. Kama mgonjwa ni mwanamke na nyumba ina watoto wa kiume tu, lipangeni hilo mapema, stara yake ni sehemu ya kupona kwake.

Ibada. Watu wanaacha sala wiki sita wakidhani hawana udhu. Ruhusa ipo ya kupangusa maji juu ya bendeji au plasta, na kusali umekaa au umelala. Kwa madhehebu yetu ya Shafi kuna na suala la kutayamamu pamoja na kule kupangusa, muulize sheikh wako akuelekeze kwa hali yako. Mwenye mabanzi yanayofunguliwa kila siku mbili hukmu yake inaweza kuwa tafauti na wa plasta, uliza pia.

Kazi. Mama wa mwani Paje au Jambiani akifungwa plasta ya mkono hana kazi mpaka itolewe, maji ya chumvi na plasta havikai pamoja, na hata ikitolewa mkono utakuwa mgumu wiki kadhaa. Mchuma karafuu alieanguka mwanzo wa msimu msimu wote umempita. Mwanafunzi aliefungwa mkono wa kuandikia, zungumzeni na skuli mapema. Kwenye hili chuma kinashinda mara nyingi kwa sababu mtu anaanza kuchezesha viungo mapema, wakati plasta inakupa mguu mwembamba na goti gumu ambalo lazima ulifanyie mazoezi. Mazoezi haya watu wanayadharau mno, wanakwenda plasta ikatwe basi hawarudi tena. Na hapa ndo naona fundi wetu wa kuunga ana nafasi nzuri kuliko popote, mfupa ukishashika na picha ikithibitisha, mikono yake inayojua kukanda na subira yake ya kuja kila siku ni kitu ambacho kliniki ya mazoezi ya mara moja kwa wiki haiwezi kukupa.

Chochote utakachochagua kuna mambo yanayochelewesha mfupa: sigara na ugoro, sukari isiyodhibitiwa, na kula ubwabwa mtupu. Mpe samaki, dagaa, mayai, maziwa, kunde, na mtoeni nje apigwe na jua la asubuhi, hasa mabibi wanaoshinda ndani.

Kwa hali yako

Mtoto kaanguka muembeni na kiwiko kimevimba: spitali leo, hata kama ni usiku, na asikandwe na mtu yeyote. Daktari akisema pini, kubali, zinatoka baada ya wiki chache na anarudi kucheza.

Mtoto kapata ufa wa mkono chini ya kiwiko: plasta inamtosha. Kama spitali iko mbali na una fundi mwenye mkono mwepesi, piga picha kwanza, na kagua vidole asubuhi na jioni.

Kijana wa bodaboda, muundi, ngozi nzima: hapa pana kuchagua kweli. Kama vipande vimekaa na ana mtu wa kumhudumia na anaweza kukaa miezi mitatu, plasta ni sawa na anakwepa hatari ya vijidudu. Kama analisha familia na chuma kinapatikana, nondo itamrudisha kazini mapema. Ila aache kukanyagia kabla ya ruhusa.

Mtu mzima paja: chuma, na kama hakipatikani mara moja basi avutwe mguu spitali huku anasubiri. Sio nyumbani.

Bibi au babu nyonga: wengi wanasema mzee asipasuliwe, aachwe apumzike. Kumlaza ndo kunamuua, kwa vidonda, kwa mapafu kujaa, kwa damu kuganda miguuni. Kama daktari wa ganzi kamkubali, operesheni ikifanyika ndani ya siku moja au mbili ndo bora. Kama kakataliwa kwa sababu ya moyo au mapafu, basi mpeni dawa za maumivu za kutosha, mkalisheni kitako mara nyingi kwa siku, na hapo nyumbani na watu wake ni mahali pazuri kwake.

Mtulinga, ubavu, kidole: ukishapiga picha na ukaambiwa ni wa kutulizwa tu, chagua kilicho karibu na wewe, iwe kitambaa cha spitali au fundi.

Na ulieko kwa fundi tayari, wiki zimepita na mguu bado unauma ukiugusa, au umeanza kupinda, au pana usaha: bado hujachelewa kwenda. Mwambie daktari ukweli wote, siku uliyovunjika, ulifungwaje, ulipakwa nini, na kama ana kauli kali kwako muombe akutazame mguu kwanza. Nenda na picha ya mwanzo kama unayo, na nenda na mtu wa kukusaidia kukumbuka watakachokwambia.